Ukuta ni wa Nani? Uhakiki wa Mjadala wa Grafiti kama Sanaa au Uharibifu kwa Mifano ya Nairobi

IKISIRI

Makala haya yanahakiki mjadala kuhusu iwapo grafiti ya mijini ni sanaa au ni uharibifu wa mali. Hoja yake kuu ni kwamba swali hilo, kama lilivyozoeleka kuulizwa, linaweka katika mizani moja vitu viwili visivyopimwa kwa kipimo kimoja. Neno sanaa huihukumu kazi yenyewe, ilhali neno uharibifu huhukumu uhusiano wa kazi hiyo na mwenye mali. Kwa kuzingatia Nadharia ya Mapokezi, makala yanachambua mifano mitatu kutoka Nairobi: michoro ya matatu, michoro ya kisiasa iliyojulikana kama MaVulture ya mwaka 2012, na maandishi ya amani ya Kibera ya mwaka 2007/2008. Inabainika kuwa idhini ya mwenye mali haitoshi kueleza kwa nini michoro fulani hupigwa marufuku na mingine huachwa, na kwamba mhakiki ana wajibu wa kuusoma ukuta kabla haujafutwa.

1.0 Utangulizi

Katika ngome ya Fort Jesus mjini Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, kuna ukuta wenye michoro ya mkaa na udongo mwekundu. Humo mna meli, makanisa na maumbo ya watu. Waliochora hawakuwa mafundi walioitwa kuipamba ngome. Walikuwa Wareno wa kawaida waliotumikia humo katika karne ya 17, watu waliokuwa mbali na kwao wakiitazama bahari ile ile kila siku. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba walichora kwenye jengo la serikali. Hata hivyo, michoro hiyo sasa inatunzwa kama sehemu ya makumbusho, na ngome yenyewe imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2011. Mgeni atakayeokota kipande cha mkaa na kuongeza meli yake pembeni mwa zile za zamani atakabidhiwa kwa polisi.

Mfano huu si wa pekee. Katika magofu ya miji ya kale ya pwani ya Waswahili, kama vile Kilwa na Gedi, kuna michoro ya vyombo vya baharini iliyokwaruzwa kwenye lipu ya chokaa ya kuta za nyumba na misikiti. Wanaakiolojia waliichukulia kwa uzito, wakainakili, na kufikia mwaka 1964 ilikuwa imechapishwa kama ushahidi wa historia ya usafiri wa baharini. Aliyekwaruza ukuta wa watu amegeuka shahidi wa historia.

Kati ya Mreno wa Fort Jesus na mgeni wa leo hakuna tofauti ya mkono, ya kifaa wala ya ukuta. Tofauti iko kwa anayesoma, na wakati anaposoma. Iwapo muda peke yake unaweza kuugeuza uharibifu kuwa urithi, basi ni lazima tujiulize kama maneno haya mawili, sanaa na uharibifu, yamewahi kuwa kinyume cha kila moja. Hilo ndilo swali linaloongoza makala haya.

2.0 Istilahi na Msingi wa Kinadharia

Neno grafiti lina asili ya Kiitaliano na linahusiana na kitendo cha kukwaruza. Katika makala haya linatumika kwa maana ya maandishi na michoro inayowekwa kwenye kuta, magari na maeneo mengine ya wazi mijini, hasa kwa rangi ya kupuliza, iwe kwa idhini au bila idhini. Maana hii pana imechaguliwa kwa makusudi. Tukisema tangu mwanzo kwamba grafiti ni ile tu isiyo na idhini, tutakuwa tumekwisha kutoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi.

Neno sanaa nalo linahitaji kutazamwa kwa makini. Kwa asili yake ya Kiarabu, neno hili hubeba maana ya ufundi na ustadi wa kutengeneza kitu. Maana hiyo bado i hai katika Kiswahili, kwani twasema sanaa ya uchongaji, ya ususi na ya ufinyanzi. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili anapoiita kazi fulani sanaa, swali la kwanza analolijibu ni hili: kuna ufundi hapa? Hajibu swali la nani alitoa ruhusa. Kinyume chake, neno uharibifu halisemi lolote kuhusu ufundi. Linasema kwamba kulikuwa na kitu kizima, na sasa kimepungua thamani machoni pa mwenyewe. Mtu anaweza kuharibu kwa ustadi mkubwa, na mwingine akapaka ukuta wake mwenyewe kwa ruhusa zote na asitoe sanaa yoyote.

Uchambuzi unaongozwa na Nadharia ya Mapokezi, hasa wazo la upeo wa matarajio lililoasisiwa na Hans Robert Jauss mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa mujibu wa wazo hilo, msomaji hukutana na kazi akiwa tayari na matarajio yaliyojengwa na jamii na wakati wake, na thamani ya kazi hujitokeza katika mgongano wa kazi na matarajio hayo. Nadharia hii inafaa kwa grafiti kwa sababu moja ya wazi. Msomaji wa kitabu hukifungua kwa hiari, ilhali msomaji wa ukuta hakuomba kusoma. Anaukuta ukuta njiani akienda kazini. Kila mpita njia ni msomaji, apende asipende, na wengi wao hawakutarajia kusomeshwa.

3.0 Hoja ya Uharibifu na Uzito Wake

Ni rahisi kwa mhakiki wa fasihi kuipuuza hoja ya uharibifu na kuiona kama chuki ya watawala dhidi ya vijana. Kufanya hivyo ni kosa. Kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamhesabu mtu anayeharibu mali kwa makusudi na kinyume cha sheria kuwa mkosaji, na kinaweka adhabu ya kifungo cha hadi miaka mitano. Nyuma ya kifungu hicho kuna watu halisi. Mwenye kibanda aliyenunua rangi kwa mkopo, akapaka mlango Jumamosi na kuukuta umeandikwa jina la mtu asiyemjua Jumatatu, hakushirikishwa katika mazungumzo yoyote ya kisanaa. Gharama ni yake, na jina si lake.

Hoja hii ilipata umbo la kitaaluma mjini New York, mji ambao grafiti ya kisasa ya rangi ya kupuliza ilistawi. Mwezi Julai 1971 gazeti la New York Times liliandika habari za kijana aliyesambaza jina la TAKI 183 katika mji mzima, na baada ya hapo mabehewa ya treni za chini ya ardhi yakajaa majina kama hayo. Mwaka 1979 mwanasosholojia Nathan Glazer alitoa hoja ambayo bado ina nguvu. Kwake yeye, kinachomsumbua abiria zaidi ya sura ya michoro ni ujumbe usioandikwa kwamba wenye mamlaka wameshindwa kudhibiti hata jambo dogo, na kwa hiyo huenda wameshindwa pia kumlinda yeye. Mamlaka ya usafiri ya mji huo ilitangaza kukamilika kwa usafishaji wa mabehewa yake mwezi Mei 1989.

Hoja ya Glazer inastahili kusomwa kwa makini kwa sababu inahamisha mjadala. Tukiifuata hadi mwisho, tatizo la grafiti haliko katika mali iliyoharibika. Liko katika nani anaonekana kuimiliki nafasi ya umma. Hilo ni suala la mamlaka, na linatofautiana na suala la umiliki.

Tofauti hiyo ilijidhihirisha katika mji huo huo miaka mingi baadaye. Jengo la viwanda lililokuwa mtaa wa Queens, likijulikana kama 5Pointz, lilichorwa kwa miaka mingi kwa idhini ya mwenye jengo. Mwezi Novemba 2013, kabla ya jengo kubomolewa, michoro ilipakwa rangi nyeupe kwa usiku mmoja. Wasanii walikwenda mahakamani chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayolinda haki za wasanii wa kazi za kuonekana. Mwezi Februari 2018 Jaji Frederic Block aliwapa wasanii 21 fidia ya dola milioni 6.75 kwa kazi 45, na mahakama ya rufaa ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2020. Hapa aliyepatikana na hatia ya kuharibu ni mwenye ukuta. Ikiwa mwenye mali anaweza kuwa mharibifu kwenye mali yake mwenyewe, basi umiliki hautoshi kuwa mpaka kati ya sanaa na uharibifu.

4.0 Matatu: Idhini Isiyotosha

Nairobi inatoa jaribio zuri la hoja hiyo kupitia matatu. Gari la abiria lililopambwa, ambalo vijana huliita nganya, hubeba picha za wanamuziki, wanasoka, viongozi na watu wa dini, pamoja na majina na misemo kwa Sheng, Kiswahili na Kiingereza. Mwenye gari ndiye anayemlipa mchoraji. Mali ni yake, idhini ni yake na gharama ni yake. Abiria kijana naye huweza kuacha gari tupu lipite akingoja lenye picha na muziki. Kwa kigezo cha umiliki, hapa hakuna mlalamikaji.

Hata hivyo, michoro hiyo imewindwa kwa miaka mingi. Masharti yaliyoanza kutekelezwa mwaka 2004 chini ya Waziri John Michuki yalidai mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mstari wa njano ubavuni mwa gari. Katika mazingira hayo, magari yenye picha yalianza kutazamwa kama ishara ya utovu wa nidhamu. Mwishoni mwa mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitamka kwamba vijana wanaopamba matatu wasisumbuliwe, kwa kuwa hiyo ni kazi inayowapa riziki. Mwezi Novemba 2018 masharti ya mwaka 2004 yalirudishwa kwa nguvu, na nganya zikaingia matatani tena.

Ni haki kukiri kwamba baadhi ya masharti haya yana msingi. Picha inayoziba kioo inamzuia dereva kuona, na gari lisilotambulika kwa urahisi linawasaidia wahalifu. Lakini sababu hizi zinahusu kioo na utambulisho, na hazihusu picha ya mwanamuziki iliyochorwa ubavuni. Mstari wa njano wenyewe ni aina ya maandishi. Unasema kwamba gari hili, ingawa ni mali ya mtu binafsi, linasomwa kwanza na serikali. Mgogoro wa matatu basi ni mgogoro wa maandishi mawili yanayogombea ubavu mmoja, moja likitaka magari yote yafanane, jingine likitaka kila gari litambulike kwa sura yake. Kuuita mgogoro huo uharibifu wa mali ni kukosea jina.

Kwa upande wa fasihi, nganya ina jamaa wa karibu ambaye hadhi yake haina ubishi. Kanga ina picha na ina jina, na maana hutokea kwa kuviunganisha viwili hivyo na aliyeivaa, mahali alipoivaa na aliyekusudiwa kuisoma. Nganya hufanya vivyo hivyo. Msemo uliomo nyuma ya gari husomwa na dereva wa gari linalofuata katika msongamano, naye anajua kwamba anasutwa. Wahakiki wa Kiswahili wameyachambua majina ya kanga kama utanzu wenye mafumbo na kejeli. Hakuna sababu ya kinadharia ya kuyanyima hadhi hiyo maandishi ya bati kwa kuwa tu hayakufumwa wala kuchapwa kwenye kitambaa.

5.0 MaVulture: Kazi Isiyo na Idhini

Iwapo matatu zina idhini na bado zikahukumiwa, michoro ya mwaka 2012 katikati ya Nairobi iko upande wa pili. Mpigapicha Boniface Mwangi, aliyejulikana kwa picha zake za ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, alishirikiana na wachoraji wa grafiti kuchora kuta kubwa zilizowaonyesha wanasiasa kama tumbusi waliovaa suti. Ndege huyo anajigamba kwa nafsi ya kwanza juu ya wizi na unyakuzi wake, huku akiwa na yakini kwamba wananchi watamchagua tena. Uchaguzi mkuu ulikuwa ukikaribia.

Jina lenyewe linastahili uchambuzi. Katika neno MaVulture, kiambishi ma- cha Kiswahili kimebandikwa kwenye nomino ya Kiingereza kwa kanuni ya Sheng. Kiambishi hicho hakionyeshi wingi peke yake. Katika Kiswahili, kumhamishia mtu kwenye ngeli hiyo huleta maana ya ukubwa na dharau, kama katika majitu na majizi. Herufi mbili zinafanya kazi ya tusi zima, na mpita njia wa Nairobi hahitaji mwalimu wa sarufi kulielewa. Uchaguzi wa nafsi ya kwanza nao ni wa kistadi. Mchoraji hamshtaki kiongozi. Anampa nafasi ajishtaki mwenyewe, na msomaji anaposoma kwa sauti anajikuta akitamka maneno ya mwizi wake.

Lakini kuiita kazi sanaa si kuivika taji. Ni kuiweka mahali inapoweza kukosolewa, na kazi hii ina nyufa zake. Kwanza, majigambo ya tumbusi yaliandikwa kwa Kiingereza. Jina linamwita mtu wa mtaani, kisha maelezo yanamwacha nje baadhi yao. Pili, sitiari yenyewe ina utata ambao wachoraji hawakuumaliza. Tumbusi haui, hungoja kilichokufa. Kiongozi akiwa tumbusi, mwananchi ni nani kama si mzoga? Mzoga hauwezi kupiga kura. Kazi inayomtaka mwananchi aamke inamchora kama aliyekwisha kufa, na inamdhihaki mle mle inamotaka kumpa nguvu. Inawezekana kutetea kwamba dhihaka hiyo ndiyo iliyokusudiwa kumtia hasira. Hata hivyo, utetezi huo unahitaji hoja, na hoja ya namna hiyo ndiyo inayokosekana pale mjadala unapoishia kwenye swali la kibali.

Je, ukosefu wa idhini unaifuta thamani hii? La. Je, thamani hii inaufuta ukosefu wa idhini? Nayo jibu ni la. Mchoraji wa aina hii anajua kwamba anaweza kukamatwa, na sehemu ya uzito wa kauli yake inatokana na hatari hiyo. Tangazo la biashara lenye ukubwa ule ule linapolipiwa huning'inia juu ya barabara bila kumuuliza mpita njia chochote. Tofauti ya mabango hayo na ukuta wa tumbusi ni risiti. Sheria inayo haki ya kuitambua risiti, ila uhakiki hauwezi kuifanya kipimo cha maana.

6.0 Kibera: Ukuta wenye Wenyewe Wengi

Mfano wa tatu unatutoa katikati ya jiji. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini Kenya, msanii wa Kibera ajulikanaye kwa jina la Solo7 alizunguka mtaani akiandika wito wa amani kwenye kuta, milango na mabati. Maandishi yake hayakuwa na mapambo. Yalikuwa herufi kubwa, maneno machache na jina lake.

Hapa swali la mwenye ukuta linakosa jibu rahisi. Sehemu kubwa ya ardhi ya Kibera huhesabiwa kuwa ya serikali, vyumba vina wenye nyumba ambao mara nyingi hawaishi humo, na wakazi wengi ni wapangaji. Aliyeomba ruhusa angeomba kwa nani? Kwa aliye na ardhi, aliye na bati, au aliyelala nyuma ya bati hilo akihofia usiku? Dhana ya uharibifu huchukulia kwamba ukuta una mwenyewe mmoja anayejulikana. Mahali ambapo umiliki umegawanyika hivyo, dhana hiyo inamlinda mtu asiyekuwepo na kumsahau aliyepo.

Kisanaa, maandishi haya ni sahili kuliko ya MaVulture, na mhakiki anayetafuta mafumbo atapita bila kusimama. Ila ufundi wake uko katika urudiaji na mahali. Neno amani likiandikwa mara moja ni kauli. Likiandikwa kila kona ya mtaa ambamo watu wanatimuana, linakuwa kiitikio, na mpita njia hawezi kufika aendako bila kulikariri. Mbinu hiyo ya kurudia jina kila mahali ilitumiwa na vijana wa New York kwa majivuno. Kibera ilibadilishwa kazi. Jina la msanii lilibaki pale, lakini sasa kama sahihi ya mtu anayewajibika kwa alichokisema wakati ambapo wengi waliogopa kujitaja. Mfano huu pia unatuonya. Kopo lile lile la rangi lingeweza kuandika tishio kwenye mlango wa jirani. Mbinu haimtakasi mtu, na maudhui hayana budi kuhukumiwa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba swali la sanaa au uharibifu linafunga mlango mapema mno. Kazi moja inaweza kuwa sanaa na kosa la jinai kwa wakati mmoja, na mahakama na mhakiki wanaweza kutoa hukumu tofauti bila yeyote kati yao kukosea. Mwenye kibanda ana haki ya kulipwa rangi yake hata kama kilichoandikwa mlangoni ni utenzi. Mchoro nao una haki ya kusomwa hata kama mchoraji yumo rumande.

Kutokana na uchambuzi huu, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, mamlaka za miji zitenganishe sheria za usalama na hukumu za ladha, ili picha isiadhibiwe kwa kosa la kioo. Pili, watafiti wa fasihi ya Kiswahili wauingize ukuta katika uwanja wao kwa zana walizokwisha kuzitumia kwenye kanga na misemo ya magari, na wawe tayari kuonyesha udhaifu wa kazi hizo kama wanavyofanya kwa riwaya na ushairi. Tatu, michoro ya ukutani ipigwe picha na kuwekewa kumbukumbu ya mahali na tarehe kabla ya kufutwa, hata pale inapostahili kufutwa. Michoro ya Fort Jesus ilisalia hadi ikapata wasomaji. Kuta za Nairobi hupakwa upya kila kukicha, na kinachofutwa leo bila kusomwa hakitampata mtaalamu wa kukifukua kesho.